Somo: Namna ya kupima kama meza ya treni ndogo iliyokwisha jengwa inafaa bei yake

Habari zenu wadau. Naona siku hizi meza za treni ndogo zinajitokeza sana kuuzwa hapa Tanga, mara mgeni anarudi kwao anauza vitu vya nyumba kule Raskazone na ndani yake kuna meza nzima ina reli, milima, stesheni na treni zake, mara imeshuka na kontena la mitumba pamoja na makabati na baiskeli na mwenye duka hajui hata anauza nini. Bei zinatajwa tu. Mmoja laki nne, mwingine milioni mbili na ushee, ukiuliza umefikaje hapo yule wa milioni mbili anakwambia humu kuna kazi ya miaka, yule wa laki nne anakwambia we toa hela uniondolee. Nimeona niandike hili somo maana mji wetu ni mji wa reli toka enzi, njia hii ilianza kujengwa hapa 1893, 1896 ikawa Muheza na 1911 ikafika Moshi, kwaiyo mtoto wa Tanga kupenda treni ni haki yake kabisa na inaniuma mtu apende kitu kwa moyo wote alafu auziwe mbuzi kwenye gunia.

Jambo kubwa nalisema hapahapa mwanzoni. Bei ya haki ya meza ya treni ni jumla ya vitu vitakavyong'oka vizima siku ukiamua kuivunja, toa gharama za kuisafirisha na kuitengeneza, alafu ongeza kidogo kwa kazi ya aliyeijenga. Kidogo! Mlima wa plasta, majani ya bandia, kimto cha vanishi, hivyo vinapendeza sana lakini havina soko, ukivibandua vinaenda jalalani. Na zile saa alizokesha mwenyewe akijenga ilikuwa raha yake, ameshaipata, mnunuzi hana deni nayo.

HATUA YA KWANZA: JUA NI SAIZI GANI

Usiende na macho matupu, nenda na rula. Pima nafasi kati ya reli na reli, upande wa ndani kwa ndani. Ukikuta milimita 16.5 hiyo ni HO, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, au kama ni mali ya Uingereza basi huenda ni OO ambayo reli ni zilezile 16.5 ila treni zimepunguzwa mara 76 kwaiyo ni kubwa kidogo. Ukikuta milimita 9 hiyo ni N, 1 kwa 160. Ukikuta 6.5 ni Z, ndogo kabisa, 1 kwa 220. Milimita 32 ni O, na 45 ni zile kubwa za bustanini.

Kwa nini tunaanza na hili, kwa sababu HO ndiyo inayopendwa zaidi duniani, ukitaka kuuza kichwa kimoja cha treni au kuagiza gurudumu unapata. Z ni nzuri machoni ila vipuri vyake bei juu na chembe moja ya mchanga kwenye reli treni imesimama, na sisi huku upepo wa bahari unaingia na mchanga kila siku ya Mungu.

Kuna kitu hapa kinawapiga watu sana. Angalia katikati ya reli, ukiona vinundu vidogo vya chuma juu ya mataruma hiyo ni ya mfumo wa Märklin wa Ujerumani, umeme unaingia katikati na reli zote mbili za pembeni ni upande mmoja. Ni mali nzuri imara, sina neno nayo, lakini vichwa vyake haviendi kwenye reli za kawaida na magurudumu ya mabehewa yake mengi hayajatenganishwa umeme, ukiyaweka kwenye reli za kawaida ni shoti papo hapo. Kwaiyo ukinunua hiyo umeoa ukoo mzima, lazima uendelee nayo hivyohivyo. Iweke kwenye bei.

HATUA YA PILI: INAMA CHINI YA MEZA KABLA HUJAANGALIA JUU

Hii ndiyo hatua ninayoipenda na ndiyo watu wanairuka, wanafika wanaona kijiji na kanisa na taa zinawaka wanayeyuka. Muombe muuzaji ruhusa, washa tochi ya simu, lala chini kabisa.

Unatafuta nyaya kwanza. Meza iliyojengwa na mtu anayejua utakuta nyaya mbili nene zinazunguka chini ya meza yote, rangi mbili tofauti, alafu kila baada ya mita moja hivi kuna vijiwaya vyembamba vinapanda kwenye reli juu, vimelehemiwa vizuri na vina vikaratasi vya namba. Hivyo vijiwaya ni roho ya meza. Reli zimeungwa na vibati vidogo na hivyo vibati siku za mwanzo vinapitisha umeme vizuri tu, ila vikishaingia unyevu na chumvi vinagoma kimoja kimoja, kwaiyo meza yenye waya mmoja tu unaoingia sehemu moja treni yake itakuwa inakimbia karibu na kontrola (kile kifaa cha kuongoza mwendo wa treni) na kulegea upande wa mbali. Kuna meza niliilalia chini Chumbageni, juu ni ya kupendeza mno, ina mpaka kituo cha mafuta na taa zake, chini nyaya zote nyeusi, zimeviringishwa tu na kufungwa selotepu, selotepu imekauka imeachia na shaba imeshakuwa ya kijani. Nilishika waya mmoja kwa vidole viwili tu ukabaki mkononi. Meza ile mimi niliihesabu nyaya sifuri, yaani za kuvua zote na kuanza upya.

Alafu mbao. Tanga unyevu wetu mnaujua. Chipbodi na emdiefu zikinywa unyevu zinavimba na hazirudi tena, pitisha kiganja ukingoni, ukisikia imetutumka kama andazi achana na hiyo bodi. Plaiwudi ya milimita 12 iliyokaa juu ya fremu ya mbao ndiyo tunayoitaka. Angalia unga mwembamba chini ya miguu, ukiuona kuna wadudu wanabungua mbao ndani, na gonga gonga fremu kwa kifundo cha kidole, ikilia utupu mchwa wameshakula. Weka pima maji juu ya meza, marefu na mapana, meza iliyopinda katikati treni itaachana na mabehewa hata ukibadilisha kila kitu.

HATUA YA TATU: RELI ZENYEWE

Chukua sumaku ndogo, hata ile ya spika mbovu. Iguse kwenye reli. Ikinata reli ni ya chuma na kwa hapa kwetu chuma kwenye chumvi ni kutu, hizo usizilipie kabisa. Isiponata ni shaba ya njano au ile nyeupe ambayo ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, na hii nyeupe ndiyo bora maana hata ikifanya uchafu inafutika na spiriti na umeme unaendelea kupita. Ya njano ni ya zamani, inaenda lakini utakuwa unasugua kila mara.

Pitisha ukucha kwenye kila kiungio. Ukucha ukikwama, gurudumu nalo litakwama. Kisha lala usawa wa reli, funga jicho moja, angalia kama mwindaji, kona iliyovunjika inaonekana hapohapo. Pima na ukubwa wa kona, toka katikati ya duara mpaka katikati ya reli. Kwa HO sentimita 45 hivi ni kona finyu, inakubali vichwa vifupi na mabehewa mafupi, ukitaka kuendesha mabehewa marefu ya abiria jiandae na 60 kwenda juu. Muuzaji akikuonyesha picha ya kichwa kirefu chenye ekseli sita kikiwa kimesimama kwenye meza muulize kama kinapita kona zote, kisha umuombe akipitishe.

Mwinuko nao. Sentimita 2 kwa kila mita ni mwinuko mzuri. Ikifika 4 kwa mita kichwa kitavuta mabehewa matatu manne kisha kianze kuzungusha magurudumu palepale. Watu wanapenda kujenga daraja juu ya njia kwenye meza fupi ya futi nne kwa nane, nafasi ya kupanda haitoshi, kwaiyo wanabana mwinuko. Pima.

Pointi, yaani pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili, zihesabu moja moja, sukuma kila moja kwa kidole, ulimi wake (kile kireli kinachosogea) ushike kabisa kwenye reli usiache mwanya. Zenye mota bonyeza swichi yake usikie mlio wa kak, zisizolia zihesabu theluthi ya bei. Pointi ndiyo kitu ghali kuliko vyote kwenye njia, na ndipo treni nyingi zinapoanguka.

HATUA YA NNE: ITEMBEE MBELE YAKO, TENA POLEPOLE

Ukifika tu, kabla ya salamu hazijaisha, gusa kichwa cha treni. Kikiwa cha moto muuzaji alikuwa anakipasha, na kichwa kibovu kikipata moto kinajificha kasoro zake. Omba ukione kikianza baridi. Sisemi kila anayekipasha ana nia mbaya, wengine wanataka tu mgeni asikute treni imegoma, lakini we kaa, kunywa chai, subiri kipoe.

Kila mtu anaweza kuendesha treni mbio. Mbio inaficha kila kitu, treni inaruka sehemu mbovu kwa kasi yake yenyewe. Mwambie aiendeshe mwendo wa kinyonga mzunguko mzima, na uweke kidole chako juu ya kichwa cha treni kila inaposita. Kila pale iliposita weka kipande kidogo cha karatasi. Mwisho wa mzunguko hesabu karatasi zako na ndizo zitakazokusaidia kwenye bei, kwa upole tu, "mzee angalia hapa, na hapa, na hapa".

Baada ya hapo funga mabehewa yote iliyonayo, na usivute, SUKUMA. Rudisha treni nyuma ipite kila pointi. Meza inayokubali treni ndefu irudi nyuma polepole bila kuanguka imejengwa na mtu makini sana na hapo mimi naongeza bei mwenyewe bila kuombwa. Kisha iache izunguke nusu saa. Nusu saa nzima. Mota mbovu itanuka, transfoma dhaifu itachemka, na gia iliyopasuka utaisikia inapiga tak tak tak kwa mpangilio, maana gia za plastiki kwenye ekseli hupasuka kwa uzee na vichwa vingi vya miaka ya nyuma vina ugonjwa huo. Gia inanunulika lakini ni ya kuagiza.

Kipindue na kichwa uangalie chini. Vichwa vya zamani sana vina mwili wa madini ya zinki, na zinki iliyochanganywa vibaya inajipasua yenyewe kwa ndani, utaona nyufa nyembambanyembamba na vipande vimevimba. Hicho hakina dawa hata kama leo kinatembea.

Kama una mita ya umeme, pima volti karibu na kontrola alafu upime sehemu ya mbali kabisa, wakati treni inatembea. Zikitofautiana sana rudi kwenye hesabu ya nyaya. Na kama meza ni ya dijitali (nitaieleza hatua ya tano), kwa ruhusa ya mwenyewe, chukua sarafu ya mia mbili uilaze juu ya reli zote mbili. Mtambo unatakiwa ukate umeme hapohapo. Rudia sehemu za mbali. Ukikuta mahali sarafu imelala na mtambo haukati, ondoa sarafu haraka, nyaya za pale haziwezi kubeba na siku treni ikianguka hapo plastiki itayeyuka.

HATUA YA TANO: UMEME

Soma kibandiko nyuma ya transfoma kabla haijachomekwa popote. Mali ya Marekani imeandikwa 120V 60Hz, na ukutani kwetu kuna 230V 50Hz. Ukiichomeka moja kwa moja imeungua na saa nyingine inaondoka na kichwa cha treni. Ni lazima ipitie mashine ya kushusha volti. Mali ya Ulaya kwa kawaida ni 230 na haina tabu. Transfoma ya Marekani mimi huwa naihesabu sifuri kwenye bei.

Meza za kawaida zinapeleka volti mpaka 12 za umeme wa DC kama wa betri kwenye reli, ukiongeza volti treni inaongeza mwendo. Za dijitali umeme upo kwenye reli muda wote na kila kichwa kina dikoda yake kinapokea amri, unaweza kuendesha vichwa vitatu njia moja kila kimoja na mwendo wake. Mtambo wa dijitali wa maana, wa Digitrax au NCE za Marekani, Lenz au ESU za Ujerumani, Roco ya Austria, unaweza kuwa na thamani kuliko meza yote iliyobaki, ila hakikisha na vichwa vina dikoda. Kichwa kisicho na dikoda kikisimama kwenye reli za dijitali mota inalia kama nzi na inaungua taratibu.

HATUA YA SITA: KALAMU NA KARATASI

Nawapa mfano, bei hizi ni za kuonyesha hesabu tu, wewe weka za kwako kwa kuangalia vitu kama hivyo vinauzwaje mtandaoni vikiwa vimetumika (bei vilivyouzwa, sio bei watu wanayoomba) pamoja na usafiri wa kufika huku.

Meza ya HO futi nne kwa nane, muuzaji anataka 2,200,000. Kichwa kimoja kizima 120,000, kingine hakitembei 40,000 kama vipuri. Mabehewa 11 kwa 25,000 ni 275,000. Pointi nne nzima kwa 30,000 ni 120,000, mbili zimekufa mota 10,000 kila moja, 20,000. Reli mita 14, zimegandishwa na kokoto kwa gundi nyeupe ya mbao, gundi hiyo inalainika ukiilowesha maji kwaiyo nyingi zitatoka, tuseme 5,000 kwa mita, 70,000. Kontrola 80,000. Nyumba saba 70,000. Mbao na plaiwudi 60,000. Jumla 855,000.

Toa gari la Kirikuu na vijana wa kubeba 80,000, toa nyaya mpya na lehemu 60,000. Imebaki 715,000. Sasa kazi ya aliyejenga, mimi sivuki robo, na robo hiyo naitoa ikiwa tu meza imefaulu hatua ya nne. Tuseme 180,000. Tumefika 895,000. Basi hapo unaanza kuongea kwenye laki saba na ukifika laki tisa unashukuru unaaga. Kwa heshima, maana ile ni kazi ya mikono yake na anaipenda kama mtoto.

Vitu vinavyopandisha: maboksi halisi ya vichwa na mabehewa, mchoro wa nyaya, vipuri vilivyobaki, na muuzaji ambaye kaijenga mwenyewe na yupo tayari kukujibu simu baadaye. Hicho cha mwisho mimi nakithamini sana.

Na ukiambiwa "iliyo tayari" uliza tayari kwa kiasi gani. Noch ya Ujerumani kwa mfano inauza ardhi iliyokwisha finyangwa yenye vilima na mahandaki na nyasi zake, lakini reli unalaza mwenyewe. Ni kitu kizuri, ila siyo meza inayotembea.

HATUA YA SABA: ITATOKAJE

Pima mlango wake, ngazi zake, kona ya korido yake, kisha pima na kwako. Nyumba zetu za Ngamiani milango ni ya kupita mtu na gunia, meza ya sentimita 122 lazima ilale ubavu na ikilala ubavu milima inadondoka. Meza iliyojengwa kwa vipande vinavyofunguka kwa bolti ni mali, iongezee bei. Ile ya kukatwa na msumeno toa nyaya zote na njia zote za pale inapokatwa. Na ukishaiweka chumbani usiibanze ukutani kama upana umezidi sentimita 75, mkono haufiki, treni itaanguka upande wa ukutani na utapanda juu ya kijiji kuifuata.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Bagamoyo: Shukrani kwa somo kaka. Mimi nina kimgahawa karibu na mji mkongwe, nataka meza kwa ajili ya watoto wa wateja waangalie wazazi wakila. Nimepata moja ya N, ndogo safi, 1,800,000. Inafaa?

Jibu: Karibu kaka. Kwa kazi hiyo N hapana, kila mtoto akipiga meza kwa goti behewa linaanguka na kulirudisha relini inataka macho na vidole vya fundi saa. Tafuta HO au kubwa zaidi, njia ya duara moja au mbili tu, mwinuko usiwepo. Na ujue treni ya kuzunguka kutwa mota yake inamaliza brashi (vile vipande vya kaboni vya ndani ya mota), uwe na vichwa viwili unabadilishana, kimoja kinapumzika. Weka kioo cha plastiki pembeni. Kwa biashara hata nyumba na vijiti vya mandhari vina thamani kwako maana ndivyo vitakavyoleta wateja, kwaiyo ile robo yangu wewe unaweza kwenda mpaka nusu, sikukatazi.

Mdau wa Muheza: Samahani mwalimu, muuzaji anasema transfoma imeungua lakini treni ni nzima, "ukipata transfoma inatembea". Nimuamini?

Jibu: Dada usimbishie, nenda na betri ya volti 9 ile ya mraba na vipande viwili vya waya. Gusisha waya mmoja reli hii na mwingine reli ile, kichwa kizima cha mfumo wa kawaida kitatembea hapohapo, ukigeuza nyaya kitarudi nyuma. Fanya hivyo kwa kila kichwa kimoja kimoja. Kisichotembea ni bei ya kipuri, hata kama kinang'aa namna gani. Kama ni dijitali betri haitakupa jibu la uhakika, hapo hesabu kama kitu kisichojaribiwa, nusu bei.

Fundi wa Makorora: Mimi seremala. Kwa hesabu hii yako si bora nijenge mwenyewe tu? Msaji wa Longuza ninao.

Jibu: Fundi wangu, meza utajenga nzuri kuliko zote hizo, tena usitumie msaji, ni mzito na ni hasara, mbao nyepesi iliyokauka sawasawa inatosha. Lakini angalia hesabu yangu hapo juu, mbao na plaiwudi ni 60,000 kwenye 855,000. Pesa ipo kwenye vichwa, mabehewa, pointi na kontrola, na vyote vinatoka nje. Kwa mtu kama wewe ninachoshauri ni kutafuta meza iliyooza mbao lakini yenye treni nzima. Wauzaji wanaona aibu na mbao zile wanashusha bei, na mbao ndiyo kitu pekee ambacho wewe hukihitaji kwao. Vua kila kitu, jenga upya.

Mwanafunzi, Tanga mjini: Kaka naweza kununua meza ya Ulaya nikaigeuza iwe reli yetu ya Tanga?

Jibu: Swali tamu hili mdogo wangu. Reli yetu ni ya mita moja. Zidisha 16.5 kwa 87 unapata 1435, hiyo ni reli pana ya Ulaya na ndiyo pia upana wa SGR yetu iliyoanza kubeba abiria Dar mpaka Dodoma 2024. Kwaiyo meza ya HO ni sahihi kabisa kwa SGR. Kwa reli ya Tanga unahitaji reli za milimita 12 na treni za 1 kwa 87, maana 12 mara 87 ni 1044, karibu kabisa na mita. Reli za namna hiyo zipo, Waswisi wana treni nyingi za mita moja na wanazitengenezea modeli. Meza ya HO ukiigeuza unang'oa njia zote, kwaiyo unalipia mbao, nyumba na transfoma tu. Kuna njia nyingine mimi naiwaza kila siku, zile reli nyembamba za mashamba ya mkonge, za upana wa sentimita 60. Kwa 1 kwa 87 hiyo inakaribia reli za milimita 6.5, zilezile za Z. Kipande cha meza cha nusu mita, mistari ya mkonge, vijitoroli, korona (mtambo wa kuchakata mkonge) upande mmoja. Hiyo hakuna mzungu atakayekuuzia, utaijenga wewe, na gharama yake ni ndogo kuliko meza yoyote niliyoitaja.

Mdau wa Pangani: Babu yangu ana treni ya bati ya kuzungusha ufunguo, imekaa kabatini toka ujana wake. Jirani kampa elfu hamsini. Auze?

Jibu: Mpe babu shikamoo zangu. Mwambie asiuze bado. Treni za bati za zamani zina watoza wake na bei inategemea rangi ya asili na boksi, kwaiyo asiipake rangi, asiisugue na chochote, asizungushe ufunguo kwa nguvu. Aifute vumbi kwa brashi laini. Pima reli kama ni milimita 32, angalia chini kama kuna jina la kiwanda, niletee picha ya hapo na ya ubavuni.

Mdau wa Mikanjuni: Kuna mtu yuko Dar ana meza, anataka nimtumie nusu ya hela kwa simu ndiyo aishushe kwenye gari la Tanga. Video ameituma, inatembea vizuri tu.

Jibu: Usitume. Video hiyo inatembea mbio au polepole? Inarudi nyuma kwenye pointi? Chini ya meza ameonyesha? Mwambie apige video ya simu mkiwa mnaongea, akianza na kichwa kilichopoa, mwendo wa kinyonga mzunguko mzima, kisha ainamishe kamera chini ya meza. Akikubali, mtafute ndugu au rafiki aliyeko Dar aende na rula, sumaku na betri, na hela itolewe mkononi meza ikiwa imeshapanda gari, vichwa na mabehewa yamefungwa kwenye boksi lake peke yake wala yasisafiri juu ya meza. Nitumie picha ya kibandiko cha transfoma nikuangalizie volti zake kabla hamjaongea bei.